Fanfari ya jeshi na waimbaji wa klasiki: shajara ya tamasha la kuchangia waliokimbia vita, Lubumbashi 2025

26 Aprili 2025: mipaka ya kazi

Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Baadhi ya watu wa Kivu Kusini walishuka na Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, na mchango wa tamasha hili unaelekezwa huko. Goma ilifikiriwa kwanza, ikaachwa kwa sababu ya hesabu. Benki za biashara za kule zilikuwa zimefungwa tangu Januari na noti zilikuwa adimu. Fedha ya simu ikifika, mpokeaji bado ana kazi ya kumtafuta wakala mwenye noti, naye wakala hukata fungu lake juu ya ada ya kampuni. Kalemie kuna soko la kununulia blanketi, na pesa inatoka benki bila vita vya pili.

Waliokubali kushiriki ni fanfari ya jeshi (bendi ya vyombo vya kupuliza na ngoma) yenye wapigaji 28, korali (kwaya) tatu za parokia na za Wametodisti (sauti 60 kwa jumla), na waimbaji pekee wanne: soprano, alto, tenori na besi. Fanfari imegawanyika hivi, na mgawanyo huu uwekwe akilini kwa sababu kila uamuzi wa baadaye unautegemea: fluti 1, klarineti 6, saksofoni alto 3 na tenori 2, tarumbeta 5, kor (pembe za Kifaransa) 2, tromboni 3, baritoni 2, tuba 2, ngoma 2.

10 Mei 2025: barua, bango, na nani asimame karibu na nani

Barua ya kuomba fanfari inaandikwa kwa kamanda, si kwa maestro, yaani kiongozi wa muziki. Maestro akisema ndiyo kwa mdomo, bado hakuna kitu. Barua ya kwanza ilitaja siku ya tamasha peke yake, na jibu likaja hivyo hivyo: ruhusa ya siku moja, bila mazoezi. Ya pili iliorodhesha tarehe zote za mazoezi, idadi ya watu, nani analipa mafuta ya lori na chakula, nani anawajibika chombo kikivunjika, na kwamba silaha hazitaingia uwanjani, hata za wasindikizaji. Hiyo ilipita. Nakala zilikuwa tatu: ya kamanda, ya ofisi ya meya, na ya kamati ya raia ya tamasha, kila moja ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Asiye na nakala yenye muhuri ataambiwa barua haikufika.

Bango ndilo lililoleta shida ambayo hakuna aliyeitarajia. Rasimu ilikuwa na picha ya wapigaji wakiwa na sare katikati, na chini yake alama ya shirika la msaada la kanisa lililokubali kugawa vitu. Shirika likaomba alama yake iondolewe siku ile ile. Lina watumishi wanaofanya kazi ng’ambo ya mstari wa vita, na karatasi moja inayoliweka kando ya sare ya upande mmoja inatosha kuwazuia kwenye kizuizi cha barabarani, au zaidi ya kuwazuia. Kwenye simu bango husafiri mbali kuliko muziki.

Suluhisho lilikuwa na sehemu tatu. Bango jipya lina maandishi matupu na mchoro wa tarumbeta, bila sare. Shirika halitajwi popote, wala jukwaani. Fedha inakabidhiwa kwanza kamati ya raia, kamati inanunua vitu, ndipo shirika linapokea vitu, wala si pesa ya tamasha la jeshi. Kuna wanaoona huo ni mzunguko wa bure. Si wa bure, na ni afadhali uandikwe kabla ya kuchapa chochote. Mabango 40 ya kwanza yalikuwa yameshatoka kwa mchapaji, yakachanwa: dola 30.

Haki za watunzi: orodha ya nyimbo ilipelekwa SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, pamoja na miaka ya vifo vya watunzi. Sheria ya Kongo ya 1986 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Händel, Verdi na Franck wako nje zamani. Joseph Kiwele, aliyefariki 1961, naye ametoka. Kwa Kiwele lakini kuna tahadhari nyingine isiyo ya sheria. Yeye ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga, na alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo. Fanfari ya jeshi la taifa haiwezi kuwekwa kwenye kipande chake bila minong’ono. Misa yake imeachiwa korali peke yao, kwa ngoma za kanisani, fanfari ikiwa imekaa kimya. Hakuna aliyelalamika.

24 Mei 2025: programu na toni

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Anayetaka kuiga tamasha hili atumie muda wake kwenye karatasi za noti kabla ya kuwaza spika.

Vyombo vya fanfari havisomi toni moja. Klarineti, tarumbeta na saksofoni tenori ni za Si bemoli, kwa hiyo noti zao huandikwa toni moja juu ya inayosikika (kwa saksofoni tenori, oktava na toni moja). Saksofoni alto ni ya Mi bemoli, kor ni ya Fa. Tromboni, tuba na fluti husoma kile kinachosikika. Wimbo ulio rahisi kwa piano unaweza kumwangusha mpiga klarineti aliyezoea maandamano (muziki wa gwaride) yenye bemoli mbili tatu. Bemoli ni alama ya kushusha noti nusu toni, diyezi ya kuipandisha.

Korasi ya watumwa wa Kiebrania katika *Nabucco* ya Verdi (1842) imeandikwa Fa diyezi meja. Tuliijaribu jinsi ilivyo, ikiandikwa kama Sol bemoli: tuba na tromboni wakapata bemoli sita, kor tano, klarineti nne. Vipimo (visehemu vya wimbo kati ya mstari na mstari) nane vya mwanzo havikupita salama hata mara moja. Ikashushwa nusu toni hadi Fa meja: klarineti na tarumbeta diyezi moja, alto diyezi mbili, kor hawana kitu, tuba na tromboni bemoli moja. Ilisomeka mara ya kwanza. Waimbaji hawakuona tofauti isipokuwa soprano wa korali, waliofurahi.

*Panis angelicus* ya César Franck ilichukua njia ndefu zaidi. Iko La meja, maana yake klarineti diyezi tano na alto sita. Jaribio la kwanza lilipanda nusu toni hadi Si bemoli meja, ambako fanfari iko nyumbani kwake. Fanfari ikang’ara na tenori akachoka: sehemu ya mwisho ilikaa juu mno kwa mtu anayesimama wazi nje bila kuta. Kushuka hadi La bemoli meja kulimaliza tatizo: klarineti bemoli mbili, alto moja, kor tatu, tuba nne. Kanuni iliyobaki ubavuni mwa karatasi: toni inachaguliwa na mwimbaji pekee, kisha fanfari inatafutiwa nafasi iliyo karibu. Ukianza na fanfari, utampasua mwimbaji.

*Largo* ya Händel kutoka *Serse* (1738) iko Fa meja tayari, haikuguswa. Wimbo wa taifa pia haukuguswa. Fanfari hupiga kwa toni yake ya gwaride na haibadilishi, basi korali wote waliimba sauti moja tu, bila kugawanya.

Mpangilio uliandikwa kwa programu ya bure ya MuseScore, inayohamisha toni yenyewe ukiteua chombo sahihi. Kosa linalojirudia ni kuchagua klarineti ya La badala ya ile ya Si bemoli kwenye orodha. Majina yanafuatana, na parti (karatasi ya noti za chombo kimoja) itatoka nzuri kwa macho lakini nusu toni pembeni. Kuchapa parti zote kulikula dola 46 kwa sababu ya marudio.

31 Mei 2025: vyombo

Ukaguzi ulionyesha tarumbeta mbili zenye pistoni zinazokwama, tuba moja yenye mrija wa kurekebisha sauti ulioganda, na klarineti tatu zinazovuja hewa.

Pistoni: tatizo mara nyingi ni uchafu, si mafuta. Zitolewe moja moja, zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, zifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, zirudishwe kwa namba yake. Pistoni ya 2 ikiwekwa nafasi ya 1, chombo hakitoi sauti kabisa na mtu hudhani kimekufa. Mafuta ya taa yanayotumiwa na wapigaji wengi hulainisha kwa saa moja kisha hukauka na kuacha pistoni kavu kuliko mwanzo. Siku ya tamasha yasikaribie. Chupa tatu za mafuta halisi ya pistoni ziliagizwa kwa mtu anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mrija wa tuba: ulimwagiwa maji ya moto kwa nje, ukapitishiwa kamba ya kitambaa kwenye kona yake na kuvutwa kwa mkupuo. Koleo lisiguse. Ulipotoka ulipakwa vaselini nyembamba. Tuba isiyoweza kurekebishwa sauti ni ugonjwa wa fanfari nzima, kwa sababu wote husikiliza chini.

Klarineti: pedi za chini zilikuwa zimeliwa na wadudu. Kupima mvujo ni rahisi: ziba matundu yote, ziba upande wa chini kwa kiganja, nyonya hewa, subiri. Ulimi ukibaki umeshikwa, chombo ni kizima. Pedi zilibadilishwa kwa gundi ya moto. Vilimi vya mwanzi vya namba 2 na nusu vilinunuliwa 20, kwa sababu wapigaji walikuwa wakitumia vilivyopasuka. Matengenezo yote: dola 138.

7 Juni 2025: Do tatu katika uwanja mmoja

Mazoezi ya kwanza ya pamoja yalisimama kwa swali la nani anaanza. Maestro wa fanfari alisema “nipeni Do”. Klarineti wakapiga Do yao, inayosikika Si bemoli. Wametodisti, waliolelewa kwa solfa ambayo Do ni mwanzo wa ngazi yoyote, wakaimba Fa, kwa sababu wimbo uko Fa meja. Korali ya parokia, inayosoma noti kwa Kifaransa, ikaimba Do ya piano. Sauti tatu, na kila mmoja ana haki.

Kueleza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kutotaja noti tena kwa jina. Tangu hapo tuba ya kwanza hupiga mwanzo wa ngazi kwa pumzi ndefu, wote wanaupokea kwa kuvumisha midomo, kisha maestro anataja namba ya kipimo. Karatasi za solfa na za noti zote ziliandikwa namba za vipimo upya, kwa kalamu nyekundu, kila baada ya vipimo vitano. Kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo hamwezi hata kurudia mahali palipoharibika.

Jambo la pili la siku hiyo ni sauti kubwa. Mpiga tarumbeta wa jeshi amefunzwa asikike mwisho wa uwanja wa gwaride. Ukimwandikia “kwa upole” atapunguza kidogo kwa heshima, na baada ya vipimo vinne atarudi. Kumwomba apunguze pumzi zaidi huleta hatari nyingine: sauti inashuka na kutetemeka. Basi punguza watu, usipunguze pumzi. Kwa waimbaji pekee fanfari ilibaki na saba: fluti 1, klarineti 2, kor 2, baritoni 1, tuba 1. Tarumbeta, tromboni na ngoma walikaa na mikono magotini. Kwa korasi ya Verdi walipiga wote, lakini tarumbeta waliingia kwenye mlipuko wa katikati tu, ambako sauti 60 zinaweza kuwabeba.

Wapigaji waliokalishwa hawakupenda. Walipewa maandamano mawili ya kufungua na kufunga, kwa nguvu zao zote, na malalamiko yakaisha.

14 Juni 2025: mahali

Jengo la 30 Juin, lililojengwa kama ukumbi wa michezo ya kuigiza miaka ya 1950, lina Bunge la mkoa ndani yake, kwa hiyo halikuombwa. Kanisa kubwa la matofali lilijaribiwa. Kofi moja lililopigwa katikati liliendelea kusikika zaidi ya sekunde tatu. Hapo korali peke yao ni asali. Fanfari ikianza, kila kipimo kinamkalia mwenzake na maneno ya mwimbaji hayasikiki hata safu ya tatu.

Ua wa shule wenye kuta pande tatu ndio uliochukuliwa. Shida yake ni kinyume: sauti ya mwimbaji inakwenda juu na haimrudii, naye akijisikia mdogo huanza kupiga kelele. Nyuma ya waimbaji ziliwekwa mbao za plaiwudi nane, za mita 1.22 kwa 2.44, unene wa milimita 12, zimeegemea fremu na kulala mbele kidogo kwa juu. Zilipowekwa wima kabisa, sauti iligonga ukuta wa pili na kurudi kama mwangwi. Kulalia mbele kulishusha sauti kwa wasikilizaji. Fanfari haikukaa mbele ya mbao hizo. Iliwekwa kushoto, na midomo ya tarumbeta na tromboni ikielekea ukuta wa kulia badala ya watu. Plaiwudi dola 200, fremu na misumari 34.

21 Juni 2025: baridi

Tamasha lilikuwa limepangwa saa 12:30 jioni, saa ya watu kutoka kazini. Mazoezi ya saa hiyo yaliua mpango. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, na jioni za Juni na Julai joto huporomoka mara jua linapozama. Siku ile lilitoka nyuzi 25 mchana hadi 12 usiku.

Hewa baridi hupitisha sauti polepole, na chombo cha kupuliza hushuka. Kwa tofauti hiyo, hewa ikiwa peke yake, ni karibu senti 40, mia ikiwa nusu toni nzima. Pumzi ya mpigaji hupasha bomba, kwa hiyo anayepiga mfululizo hushuka kidogo kuliko hapo. Tarumbeta kwenye programu ya kupimia ya simu zilionyesha karibu senti 20 chini, maana yake La ya 440 (mitetemo kwa sekunde) imekuwa 435. Tuba, yenye bomba refu lisilopata moto, ilishuka zaidi. Wale waliokaa kimya wakati wa waimbaji pekee ndio walioshuka kuliko wote. Na kinanda cha umeme hakijui baridi, kilibaki 440. *Largo* ilisikika kama redio mbili.

Kuvuta mirija hakusaidii, kwa sababu kuivuta ni kushusha, na hapa unahitaji kupanda. Mirija ilisukumwa ndani yote na bado haikutosha. Kinanda kilishushwa hadi 436, kikakubaliana na tarumbeta, kikaachana na klarineti zilizokuwa zimewekwa makwapani. Wapigaji wanaosubiri waliambiwa wapulize hewa ya moto bila sauti vipimo vinne kabla ya kuingia. Hilo ni zuri na libaki, lakini si dawa.

Dawa ilikuwa kuhamisha saa. Tamasha sasa ni saa 9 alasiri. Taa hazihitajiki, jenereta ndogo inatosha, na watu wanarudi nyumbani kabla ya giza, jambo ambalo wazazi wa wanakorali walikuwa wakiliomba tangu mwanzo. Myra Hess alifanya hivyo hivyo London kuanzia Oktoba 1939: taa za usiku zilipozimwa kwa vita, matamasha ya National Gallery yaliwekwa saa ya chakula cha mchana, kiingilio shilingi moja, na yakaendelea hadi 1946. Ubaya wa mchana ni jua. Klarineti za mbao zisiachwe juani kwenye kiti. Turubai lilifungwa upande wa magharibi. Kwa joto la alasiri fanfari ilipanda hadi 442, na kinanda kikafuata huko.

28 Juni 2025

Hakuna mazoezi. Juma la kuelekea 30 Juni kila fanfari ya jeshi ina sherehe za uhuru, na hakuna barua inayoshinda hilo. Anayepanga tamasha Julai aihesabu wiki hiyo kuwa imekufa. Korali zilifanya mazoezi ya matamshi ya Kiitalia.

5 Julai 2025: umeme na mikrofoni

Fanfari haihitaji mikrofoni hata moja. Waimbaji pekee, kwa watu zaidi ya mia tano nje, wanahitaji msaada mdogo. Fundi wa sauti alileta mikrofoni za kushika mkononi na kuwapa wakaribie mdomo, kama kwenye rumba. Sauti ya soprano iliyofunzwa ikaipasua spika kwenye noti ya juu, na chini haikusikika. Zikarudishwa. Zilikodishwa mbili za kondensa, zinazohitaji volti 48 kutoka kwenye mikseta, zikasimamishwa sentimita 80 mbele ya mwimbaji kwa kimo cha kifua, na mbili nyingine mbele ya korali. Spika zikae mbele ya mstari wa mikrofoni, la sivyo mlio wa kurudi utaanza kabla ya mwimbaji. Anayesikiliza safu ya mwisho asijue kama kuna spika. Akijua, punguza.

Mvumo mzito ulisikika muda wote wa jaribio. Kebo zilibadilishwa bure. Chanzo kilikuwa kinanda kilichochomekwa kwenye soketi ya shule, umeme wa SNEL (kampuni ya umeme ya taifa), huku mikseta ikila kwenye jenereta: ardhi mbili tofauti zilizokutana kwenye waya wa sauti. Vyote viliwekwa kwenye jenereta na mvumo ukafa hapo hapo. Ni salama pia SNEL ikikatika katikati ya wimbo. Jenereta ya kVA 6 iliwekwa nyuma ya ukuta, mita 50, kwa waya wa milimita mraba 2.5. Waya ulioviringishwa kwenye gurudumu ufunuliwe wote, kwa sababu ukibebeshwa mzigo ukiwa umekunjwa huchemka.

12 Julai 2025: siku yenyewe

Kila kilichofanyiwa mazoezi kilikwenda, kwa hiyo hapa ni yale ambayo hayakufanyiwa.

Upepo wa kiangazi uliondoa karatasi za klarineti kwenye kipande cha pili. Vibanio vya nguo, viwili kwa kila stendi, vilitakiwa kuwepo tangu asubuhi. Vilipatikana kwa majirani.

Tikiti bandia zilionekana getini, nakala za fotokopi za zile za dola 2. Zilitambulika kwa sababu muhuri wa tikiti halisi ulikuwa wa wino wa zambarau na namba ilipigwa kwa mkono. Fotokopi ilitoa namba ileile mara nyingi. Waliokuja nazo waliruhusiwa wakae kwenye nyasi, kwani wengi walizinunua kwa nia njema.

Safu za mbele ziliwekewa waheshimiwa, viti 60 bila malipo, na zaidi ya nusu vilibaki vitupu hadi mwisho mbele ya macho ya watu waliosimama. Safari nyingine viti hivyo viwe 15, vifunguliwe kwa wote baada ya kipande cha kwanza, na kila kimoja kiwe na bahasha. Bahasha, kwa kweli, zilifanya kazi kuliko hotuba. Zilipitishwa mara tu baada ya *Panis angelicus*, si mwishoni watu wakiwa wameshasimama kuwahi basi.

15 Julai 2025: hesabu

Matumizi kwa dola: parti 46, matengenezo 138, plaiwudi na fremu 234, mafuta ya lori la fanfari 150, chakula cha wapigaji 280, sauti 180, jenereta na mafuta yake 85, viti vya kukodi 100, tikiti na mabango pamoja na yaliyochanwa 95, vibali na kodi 120. Jumla 1,428.

Mapato: tikiti 342 za dola 2, 118 za dola 5 na 41 za dola 20, jumla 2,094. Bahasha 713. Plaiwudi ziliuzwa kwa fundi seremala kwa 120. Jumla 2,927. Kilichobaki kwa Kalemie ni 1,499.

Karibu nusu ya pesa imeliwa na gharama, na hilo halifichwi. Kasoro si bei ya kitu kimoja. Ni kwamba mazoezi, matengenezo, fremu na noti, ambavyo ndivyo vikubwa, vilitumika kwa alasiri moja tu. Wa zamani walilijua hili. Tamasha la Beethoven la 8 Desemba 1813 huko Vienna, la kuwachangia askari waliojeruhiwa Hanau, lilirudiwa tarehe 12 kwa programu ileile. Clara Butt, mwezi Mei 1916, alirudia oratorio moja ya Elgar siku sita mfululizo Queen’s Hall kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Alasiri ya pili hapa ingegharimu takriban dola 400: lori, chakula, sauti, jenereta na viti. Ombi la kamanda liandikwe kwa siku mbili tangu mwanzo.

9 Agosti 2025: Kalemie, na masahihisho ya noti

Ada ya kutuma ilikula 31. Kwa 1,468 iliyofika zilinunuliwa blanketi 90 kwa dola 9, sufuria 60 kwa dola 6 na katoni 20 za sabuni kwa dola 14, na 18 zilizobaki zililipa wabebaji. Wazo la kununua Lubumbashi na kupakia kwenye treni liliachwa, kwa sababu blanketi huchukua nafasi na safari haina tarehe. Risiti ziko kwa kamati, na kila aliyetoa bahasha yenye namba ya simu alitumiwa picha ya risiti, bila picha za wapokeaji.

Kwa watakaochukua faili za noti: katika korasi ya Verdi, klarineti ya 2, kipimo cha 23, Fa ni ya kawaida, si diyezi. Parti ya kor katika *Panis angelicus* ina mapumziko ya vipimo vinne yaliyochapwa vitatu. Wasioisahihisha wataingia mapema na kumkuta tenori hajamaliza. Na toleo la Si bemoli la wimbo huo bado limo kwenye faili. Lifutwe kabla ya kuchapa.